Ua Kwenye Boriti ya Kiingereza

Jumamosi, Agosti. Al Quoz, hapa Dubai, inafuka joto tangu alfajiri, na moyo wangu haujatulia.

Wiki nzima nimemshuku Shee. Bora niandike, nisijifanye sikumshuku.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni seremala, mtu wa Lamu, na karakana yetu inajenga upya kipande cha nyumba ya shambani ya Uingereza ndani ya jumba la tajiri mmoja. Nyumba ya zamani kweli, ya mbao za mwaloni, ilifunguliwa vipande huko kwao ikashushwa bandarini Jebel Ali kwa kontena. Sir anataka sebule yenye meko makubwa ya kuota moto. Dubai, na AC inanguruma. Haya, mwenye nyumba ni yeye.

Lakini nyumba yenyewe nimeipenda. Kila boriti ina ulimi unaoingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kinapigwa kikapita vyote viwili. Msumari hakuna. Na kwenye boriti kubwa ya juu ya meko, mtu wa zamani alichora kwa bikari ua la petali sita, kuzuia uchawi usishuke na bomba la moshi. Mikwaruzo hafifu tu, mpaka upapase.

Leo, tulipoisimamisha karakanani kuijaribu, nimepapasa. Ua lina kina. Kingo za petali zimesafishwa, na katikati pana kijitone, kile tunachomalizia sisi tukichonga milango kwetu.

Mwingereza gani huyo aliyejifunzia patasi Lamu?

Boriti si ile. Imepakwa siki iliyolowekwa misumari ya kutu, ndiyo maana imeiva weusi namna hiyo. Na Shee, seremala mwenzangu wa Lamu ninayekaa naye chumba kimoja Karama, wiki mbili hizi anarudi kachelewa, ananuka siki. Nikimuuliza, ananiambia achari. Mwanzo nikacheka, mjinga mimi; wiki hii nikaanza kumshuku.

Nikawa na hakika ameiuza ile ya kweli. Mbao kama zile zina wateja wake mji huu. Na ni mimi niliyemdhamini kwa arbab, mwajiri wetu. Jumatatu madam, mke wa sir, anakuja kukagua, na fundi mkuu, yaani mimi, nitie saini kwamba mbao zote ni za asili. Nikisaini, nimedanganya. Nikikataa, Shee hana kazi, na bila kazi hana visa.

Saa ya chai nikazunguka nyuma ya karakana. Chini ya turubai nikaikuta boriti ya zamani, na ua lake. Hajaiuza. Imekatwa, fupi. Kwenye ncha yake imebandikwa karatasi ya vipimo.

Mwandiko ni wangu.

Sebule ya sir ni nyembamba kuliko ile ya shambani, kwa hivyo boriti ilibidi ifupishwe. Nilipima mwanya baina ya nguzo mbili, nikampa Shee akate. Zile ndimi za kuingia kwenye nguzo sikuzihesabu. Mimi, ninayewasomesha wenzangu habari za ndimi kutwa kucha. Shee alikata kama nilivyoandika, ikapelea, ndipo akachonga nyingine.

Nilimwendea na karatasi mkononi. Aliitazama, akaendelea kupiga msasa.

"Wiki ile visa yako ilikuwa kwa arbab, inangoja kusainiwa," akasema. "Ningekwambia nini, kaka?"

Nimeona haya mpaka masikio yamepata moto. Wiki nzima nimemtazama kama mwizi. Hata pochi yangu nimekuwa nikiiweka chini ya godoro, na chumba chetu ni kidogo, lazima aliniona.

Jumatatu sitasaini. Nitamwambia madam kwamba boriti ya kweli niliiharibu mimi kwa kipimo changu, na iliyo juu ya meko ni mpya. Visa ikienda, na iende yangu.

Tumerudi Karama, nimeitoa pochi chini ya godoro nikaiweka juu ya meza, karibu na funguo zake. Shee ameiona. Amesogeza funguo kidogo, pochi ikae vizuri.