Bakteria Waliong'aa Kabla ya Wakati

Bengaluru,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekuhurumia, na Baba hajambo na sukari yake. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, nywele napaka mafuta.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, wewe simu huiweka sauti ya juu, na Nagaratna wa jirani hunijibu kabla yako. Haya ni ya macho yako. Baba unaweza kumsomea, ila uruke pale nitakapokuambia.

Wiki iliyopita nilikupigia nikipayuka kwamba bakteria wangu wamewaka. Ukagawa pedha, vile vitamu vya maziwa, mtaa mzima, na yule mwalimu wa hisabati aliyesema sina kichwa ukampelekea mbili. Mama, bakteria wamewaka kweli. Ila siku ile niliyokupigia, walikuwa hawajawaka.

Ngoja nikueleze. Bakteria hawa tunawavisha protini juu ya ngozi yao, kwa nje, ili sukari iifikie upesi. Ikikutana na sukari, protini hiyo hung'aa kijani chini ya taa ya buluu. Tukifaulu, huenda siku moja watu kama Baba wakapima sukari bila kujitoboa kidole kila asubuhi. Tangu nianze, wangu walikuwa wakaidi: ama hawaivai, ama wanaivaa na haiwaki. Dakta Ankalgi, mkuu wa maabara yetu, alikuwa ameshanionya kwamba wakaguzi wanakuja Alhamisi, na nisipokuwa na cha kuwaonyesha, kazi yangu inafungwa.

Ndipo ikaingia sikukuu ya kubariki vyombo vya kazi. Chidanand, mwenzangu wa meza ya pili, ndiye kuhani wetu wa kujiteua. Alizivisha mashine zote maua, akazipaka nukta nyekundu ubavuni, hata mizani iliyoharibika. Nikamwambia, "Wewe, hiyo imekufa tangu mwaka jana." Akanijibu, "Ndiyo maana inahitaji dua. Inaihitaji karibu kama wewe."

Kesho yake niliweka kisahani cha bakteria juu ya kioo cha taa, nikadondosha sukari, nikaona kijani. Nikatoka mbio koridoni kukupigia. Niliporudi, Dakta Ankalgi alikuwa amesimama pale. Hakunipongeza. Aliniuliza, kwa sauti yake ile ya chini, kisahani kisicho na sukari kiko wapi. Nikakiweka, nacho kikawaka. Nikaweka cha bakteria wasiovishwa chochote, kikawaka vilevile. Akasema, "Shalmala, vyote viking'aa, hatujaona kitu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulidhani sukari imeingia kila mahali kutoka kwenye ndizi na vitamu vya sikukuu. Tukamwaga kila kitu, tukapika upya chakula cha bakteria. Bado vikawaka vyote. Chidanand akasema labda yeye ndiye anayewaka, nimmulike. Nikamwambia yeye hawaki, ananuka ubani tu.

Jumatano sikuonekana kazini mpaka alasiri, na sababu nitaifikia. Nilipofika nikaanza kuviondoa visahani vyangu nivitupe, na taa nimesahau kuizima. Kioo kilikuwa kitupu, na bado kiling'aa: mistari mitatu ya kijani, sawasawa na ile ya kwenye paji la uso wa Babu siku za ibada. Chidanand akainamia, akanusa, akasema ni manjano, yale ya kupikia. Akaapa kwamba kioo hakukigusa.

Na kweli hakukigusa. Yalikuwa manjano yako, Mama, ya bustanini kwako, uliyonitumia ukaniagiza nikipake kwa mkono wangu mwenyewe kile ninachofanyia kazi. Siku ile ya sikukuu nilipaka mistari mitatu katikati ya kioo, kisha nikafuta kwa karatasi kavu, nikaona kimetakata. Kumbe manjano chini ya taa ile hung'aa kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Dakta Ankalgi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tukakisugua kioo kwa spiriti. Nikavirudisha visahani, vyote vikawa giza. Nikadondosha sukari upya, tukangoja. Kwenye kile chenye sukari kikatokea kijani chembamba, cha kukinga mwanga kwa mikono ndipo ukione. Kisichokuwa na sukari kikabaki giza. Dakta akasema rudia. Nikarudia mpaka chai ikapoa, na kila mara ikawa vilevile. Alhamisi niliwaeleza wakaguzi yote, manjano nayo. Wameniongezea miaka miwili, na mmoja ameomba apelekewe manjano kidogo.

Sasa hapa ndipo umruke Baba. Jumatano ile asubuhi nilikuwa stendi ya mabasi ya Majestic, na begi. Sikumuaga mtu. Nilikuwa nimechoka, Mama, na nilijionea aibu mno, nikaamua nirudi nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya basi la kwetu Dharwad ulipopiga kunieleza habari za pedha, na Nagaratna akadakia nyuma yako, "Mwambie akija tunampokea kwa ngoma!" Nikajiona nashuka na begi langu katikati ya ngoma, bila mwanga wowote. Nikateremka. Konda akaniuliza nimesahau nini, nikamwambia nimesahau kazi.

Najua ukimaliza kusoma utajilaumu kwa kutangaza mapema. Usijilaumu. Ungekuwa mama wa kungoja uhakika ndipo ujivunie mtoto, leo ningekuwa jikoni kwako nikikuna nazi, na kisahani kile kingekuwa kwenye pipa la taka, kimeshajua kung'aa na hakuna wa kukimulika.

Msalimie Baba, na mdogo wangu Virupaksha mwambie asome, asijifanye mgonjwa. Nagaratna nambusu mkono, ila barua usimpe. Kaeni salama mpaka nitakapowaona.

Mwanao akupendaye,
Shalmala