Niliirusha Picha ya Daftari, Sasa Pola Anapigiwa Simu

Mpendwa Bi Zipporah, shikamoo. Naomba msaada wako kwa haraka maana silali na chakula hakipiti, mimi ni mama wa watoto watatu huku Magarini, na tangu watu wetu waliohamia kaskazini kulima waanze kukimbia mapigano na kurudi, mimi ndiye niliyepewa daftari la kuwaandika ili wapate unga wa msaada, jina, nambari ya simu, kijiji alichotoka na nyumba aliyofikia, nikaifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja, lakini wachangiaji wa msaada wakaanza kunong'ona eti tunaandika majina hewa ili tule unga wenyewe, na mwenyekiti wa kamati yetu ya msaada, Mwambire, akaniambia nijisafishe, basi nikazipiga picha kurasa zote nikazirusha kwenye kundi la wasapu la wachangiaji, watu zaidi ya mia mbili, wengine siwajui hata kwa sura, na nikapongezwa sana.

Siku ya nne Pola akaja kwangu analia. Mumewe, Nzai, alikataa kuwabebea wapiganaji chakula msituni, akawaonyesha wanajeshi njia ya kuwafikia, ndiyo sababu wamejificha Jilore kwa kaka wa Nzai, Ngowa. Sasa mwanamume asiyemjua amempigia Pola, amemtaja kwa majina yake matatu, akamwuliza kwa upole kama Nzai ameshazoea Jilore. "Dada, ni nani alotutaja?" akaniuliza. Nikamjibu sijui, Bi Zipporah, na simu yenye zile picha iko mkononi mwangu. Sasa wanamshuku Ngowa, hawamsemeshi, na wanataka kuhama kwake waende wasikokujua. Mwambire ananiambia nifute picha ninyamaze, itapita, maana nikisema hakuna atakayekubali kuandikwa tena na wenye njaa watakosa unga. Nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu, watu wa huku wana maneno.

Mwenye Daftari

Bi Zipporah anajibu:

Marahaba, mwanangu. Majina na vijiji katika barua yako nimevibadilisha vyote kabla ya kuichapisha. Nimekupigia mara tatu hupokei, kwa hiyo soma hapa kisha uondoke uende kwa Pola.

Pole. Ulisingiziwa wizi, na kusingiziwa kunauma. Lakini wachangiaji wangetosheka na idadi ya familia na sahihi ya mzee wa kijiji. Nambari ya simu ya Pola ilikusafisha vipi? Penye vita, jina la mtu na mahali anapolala ndio uhai wake. Alikupa wewe ili apate unga, hakuwapa watu mia mbili. Hata sheria ya nchi inasema taarifa za mtu ukizichukua kwa kazi moja, huna ruhusa ya kuzipeleka kwenye nyingine.

Picha ilikuwa kosa. Hilo "sijui" lako ndilo linalonikasirisha, kwa sababu unalirudia kila siku unayonyamaza. Ngowa amewafungulia mlango ndugu zake, na leo anaitwa msaliti kwa ajili yako. Wakiondoka hivyo, watakuwa wamempoteza mtu pekee aliyekuwa tayari kuwaficha.

Panda bodaboda leo hii, usipige simu. Waambie wote watatu wakiwa pamoja, Ngowa akusikie kwa masikio yake. Utatukanwa, kaa utukanwe. Waamue wenyewe watakwenda wapi, na wewe usiulize. Pola aiandike nambari iliyompigia kabla hajabadilisha laini, na akikubali, fuatana naye polisi. Asipokubali usimlazimishe. Kisha uwapitie wengine wote walio daftarini, mmoja mmoja, wanayo haki ya kujua. Picha zifute, ndiyo, ila usijidanganye kwamba zimekwisha. Na ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu ipewe ripoti upesi, sheria haitoi hata wiki. Mwambire akikuzuia, mwambie amri yake aiandike na atie sahihi. Ataacha.

Umeniomba nisitaje jina lako kwa sababu unaogopa maneno ya watu. Sitalitaja. Pola anaogopa watu wenye bunduki, na yeye hakuna aliyemwuliza kama jina lake litajwe.