Hema Alilochagua Galih

Ratri, nakuandikia upesi.

Leo asubuhi nilimsindikiza kaka yangu Galih kukodi hema la kupandia mlima. Akang'ang'ania lile jepesi la kitambaa cha tabaka moja.

Bu Sumiyati, yaani Mama Sumiyati, mwenye duka, akalisimamisha, akaniingiza ndani ya hema hilo, akalimwagia ndoo ya maji juu. Yakapenya, yakanidondokea shingoni. Shingoni, Ratri.

Akamwambia Galih, "Mwanangu, mvua ya huko juu hili haliiwezi. Chukua lile zito."

Galih akacheka. "Bu, mgongo ni wangu."

Akalichukua lile jepesi, akaenda mlimani peke yake.

Tangu saa sita mchana mvua haijakatika. Simu yake haipatikani.

Sasa hivi, usiku huu, Bu Sumiyati amenipigia. Wapandaji walioshuka kutoka mlimani wamelikuta hema limechanika, ndani hamna mtu.

Ananiuliza Galih alivaa koti la rangi gani.