Mawe ya Kushoto

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi ametuletea mashine ya gemu! Ilikuwa ya mwanawe aliyehamia mbali kikazi. Imekuja ndani ya foronya, nyaya zimejisokota kama nywele za asubuhi. Ndani mna magemu mawili. La kwanza nimeshalitia mfukoni, ni langu: hadithi ndefu, ramani, barua za kusoma, watu wa kuzungumza nao. La pili ni la kitoto kabisa. Chombo kidogo cha duara katikati ya skrini. Mawe yanakujia kutoka pande zote, unayakwepa au unayalipua. Una roho tatu. Mwisho. Hakuna hata malkia wa kuokolewa.

Baba alikaa na gemu langu dakika tano, akauliza tutaanza kucheza saa ngapi. Nikamwambia tumeshaanza, hiyo anayosoma ni barua ya mfalme. Akanirudishia pedi. Yeye ni dereva wa basi la shule, alisema, barua za wazazi zinamtosha. Hata mama alicheka, na mama hacheki ovyo.

Kisha akajaribu la mawe. Aliitwa kula mara tatu.

Jumapili, 5 Mei

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini gemu dogo hivyo linamnasa mtu mzima. Mimi mwenyewe limeninasa, ingawa mbele ya watu sikiri.

Nadhani kwanza ni ile kasi. Unakufa — na kabla hujamaliza kusonya umesharudi. Hakuna anayekusubiri, hakuna anayekupa nasaha. Darasani nikikosea jibu natamani ardhi ipasuke nizame na dawati langu. Hapa nimekosea mara kumi na tisa asubuhi hii na uso haukuniwaka hata kidogo.

Lakini kubwa zaidi ni haki yake. Kila jiwe linaonekana tangu linapochungulia ukingoni. Halijifichi, halikuvizii. Ukifa, unajua kilichokuua, unajua ulivyozembea, na ndiyo maana unataka kurudia. Sijawahi kufa nikashangaa.

Baba peke yake ndiye anayeshangaa. "Hilo nalo limetoka wapi?" Anasema gemu lina wizi. Shangazi akamwambia: "Kaka, mashine haijakuibia, uzee ndio umekuingia." Nukta alicheka mpaka akapaliwa na maji. (Nukta ni mdogo wangu, ana miaka saba. Baba ndiye aliyembandika jina hilo, siku alipozaliwa, kwa udogo wake. Mimi naitwa Profesa. Sijui mimi nilifanya nini siku ya kuzaliwa.)

Jumanne, 7 Mei

Kioo cha pembeni cha basi kimevunjika tena. Cha kushoto. Mara ya pili tangu Machi. Baba alikwaruza nguzo ya geti la shule. Anasema nguzo ile imesogezwa. Mama: "Ikipita hapa nyumbani nitaikaribisha." Baba hakucheka. Aliangalia cheti chake ukutani, miaka kumi na tisa bila ajali, kisha akasema anataka kucheza kidogo, atulize kichwa.

Leo sikuangalia skrini. Nilimwangalia yeye. Sijui kwa nini.

Jiwe lilitoka kushoto. Kubwa, jekundu, linatambaa tu. Nukta akapiga kelele: "Baba, hilo! Hilo hapo!" Baba hakusogea. Si kwamba alichelewa. Macho yake hayakutikisika hata chembe, kama mtu anayetazama ukuta mtupu. Jiwe likamfika.

"Hilo nalo limetoka wapi?"

Nukta alicheka. Mimi nilishindwa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimehesabu kwa siri, nyuma ya daftari la jiografia. Vijistari tu, mtu akifungua atadhani nilikuwa nimechoshwa na somo.

Jana na leo baba amekufa mara arobaini. Thelathini na sita ni mawe ya kushoto.

Nikajituliza: labda gemu linarusha zaidi upande huo. Nikacheza mimi, nikafa arobaini zangu. Kushoto kumi na moja, kulia tisa, juu nane, chini kumi na mbili.

Gemu halina upendeleo.

Nimefuta vistari vyote kwa raba, halafu nikavichora upya, kwa sababu kuvifuta ni uongo.

Ijumaa, 10 Mei

Mapumziko yote nimekuwa maktaba. Msimamizi alidhani nina mtihani wa biolojia, akanichagulia kitabu kinene cha mwili wa binadamu na kunisifu kwa bidii. Laiti angejua!

Nimekisoma kifungu kile mara nne. Mshipa mdogo ukiziba kichwani, mtu anaweza kupoteza upande mmoja wa kuona, kwa macho yote mawili, na asijue. Haoni giza. Haoni doa. Ubongo unaliziba pengo, naye anaamini anaona kila kitu. Halafu sentensi ya chini, kwa herufi zilezile za kawaida, kana kwamba si kitu: anayepatwa mara moja yuko katika hatari ya kupatwa tena.

Machi baba aliumwa kichwa siku tatu. Tulisema ni jua.

Nimefunga kitabu.

Watoto wa basi hushukia mlango wa kushoto. Hupita mbele ya basi kutokea kushoto. Nukta pia. Nukta ambaye kichwa chake hakifiki hata kwenye taa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwambia mama. Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za watu. Niliongea haraka, nikiangalia sindano. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

Akasema nisilirudie neno hilo ndani ya nyumba hii. Akasema mimi na vitabu vyangu, wiki iliyopita nilidhani Nukta ana ugonjwa wa ini, kumbe alikula kalamu ya rangi. (Kweli.) Kisha kwa sauti ya chini: "Unamjua baba yako bila usukani, wewe? Mimi ninamjua. Alikaa miezi minane hana kazi kabla hujazaliwa. Sitaki kumwona tena mtu yule." Akarudi kushona. Mshono ulikwenda upande.

Lakini jioni nilimwona. Baba ameketi, anacheza. Mama akaja na kikombe cha chai, akasimama kushoto kwake, akamnyooshea. Hakusema neno. Alisimama hivyo, mkono umenyooka, mvuke unapanda. Mimi mlangoni nilihesabu mpaka ishirini na tatu. Baba akanung'unika: "Mama Profesa, ile chai vipi, imekwenda kuchumwa?"

Mama alikiweka kikombe mezani, upande wa kulia. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hajaniambia kitu. Nami sijamuuliza. Sasa tuko wawili tunaoogopa, na woga haujapungua hata nusu.

Jumapili, 12 Mei

Nimefanya. Sijui nimefanya vizuri au vibaya.

Nukta na mama walikwenda kwa shangazi. Tulibaki mimi, baba na mawe. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanikimbia. Nikasema tu: "Baba, mawe ya kulia hulikosi hata moja."

"Ndiyo maana nasema lina wizi."

"Halina wizi, baba. Nimehesabu."

Akasimamisha gemu. Nikamwonyesha daftari. Alilishika mbali na uso, kama anavyoshika gazeti, akaliangalia kwa muda mrefu sana. Akasema gemu ni gemu, na barabara ni barabara. Alikuwa anafundisha watu udereva kabla mimi sijaota meno.

Nikamwomba atazame pua yangu. Pua tu, asigeuze macho. Akaguna, lakini akatazama. Baba yangu ana macho mazuri, ya kahawia, yenye mikunjo ya kucheka pembeni. Yalinitazama bila shaka yoyote.

"Haya, daktari," akasema. "Inua mkono wako tuone."

Nilikuwa nimeshauinua zamani. Nilikuwa naupunga.

Alisubiri. Kisha nadhani aliona machozi, maana akageuza kichwa, polepole, akaukuta mkono wangu hewani, vidole vitano, karibu na sikio lake.

Kwenye skrini chombo kiliendelea kumetameta.

Aliinuka akachomoa nyaya. Akazikunja moja moja, vizuri, kama anavyokunja nguo za kazi. Akaiweka mashine juu ya kabati. Akasema: "Kesho nina watoto thelathini na wawili." Basi. Sikuelewa ni jibu au ni swali.

Jumatatu, 13 Mei

Ameondoka saa kumi na mbili na robo. Nukta ndani, kiti cha mbele. Mama alibaki mlangoni na taulo la vyombo mkononi mpaka mlio wa basi ukapotea.

Shuleni sikusikia somo hata moja. Kila honi nje, nageukia dirisha!

Wamerudi salama. Nukta anasema leo baba ameendesha kama konokono, na anageuza shingo nzima kama bundi. Watoto walimwiga njia nzima. Matroni wa basi akamuuliza: "Dereva, umelalia mto gani jana?" Akajibu ni shingo tu, imekaza.

Kwa hiyo anajua! Anajua, na bado ameshika usukani. Hili limenitisha kuliko jana. Jana alikuwa haoni. Leo anaficha.

Nukta akaongeza, mdomo umejaa mkate, kwamba Jumatano darasa lao linapelekwa kuona bwawa. Ile barabara ya mlimani. Bonde liko kushoto wakati wa kwenda.

Nilimfuata mama jikoni. Nikasema Jumatano. Akasema amesikia. Akasema atazungumza naye. Usiku wote ukuta wa chumba chao ulikuwa kimya.

Jumanne, 14 Mei

Siko shuleni kwangu. Mara ya kwanza maishani natoroka, na nimetorokea shule nyingine.

Niko kwenye benchi, katika ukumbi mwembamba wa ofisi za shule ya Nukta. Mlango wa mwalimu mkuu uko mwisho kabisa. Naandika ili nisiinuke nikaondoka.

Asubuhi nilimuuliza mama kama walizungumza. Akasema alishindwa pa kuanzia. Alikuwa analia, mgongo umenigeukia.

Karani ameniuliza nina shida gani, mwanangu. Sauti ilitoka ya panya. Nimesema namsubiri mwalimu mkuu. Akasema yuko kwenye simu, nikae. Hanijui. Ni heri.

Nimeandika nitakachosema kwenye kiganja: Mimi ni mtoto wa dereva. Baba anaumwa. Apelekwe hospitali kwanza, kabla ya Jumatano. Maneno matatu ya mwisho yameshafutika kwa jasho.

Nikisema hayo, baba hataniita Profesa tena. Nisiposema —

Basi linaingia. Naliona dirishani. Limepita getini taratibu mno, shingo ya baba imegeuka yote. Matroni anawashusha. Ishirini na nane, ishirini na tisa. Nukta anaruka ngazi ya mwisho. Thelathini na wawili. Wote.

Nimepumua.

Baba hajabaki ndani ya basi kama kawaida yake. Ameshuka. Amevua kofia. Anakuja huku.

Niinuke? Nikimbie?

Yuko ukumbini. Anatembea katikati, kofia mkono mmoja, funguo za basi mkono mwingine. Barabarani anakumbuka kugeuza shingo. Hapa amesahau. Benchi liko kushoto kwake. Nimebana magoti. Amepita — nimesikia harufu ya sabuni yake ya kunyolea, ningeweza kumshika mkono. Amepita.

Amesimama mbele ya mlango wa mwalimu mkuu. Amenyanyua ngumi abishe hodi. Haibishi. Iko pale tu, juu. Funguo zinalia mkononi mwake, ingawa hatembei.

Karani ameinua kichwa. Anamwambia asubiri kidogo, mwalimu yuko kwenye simu, halafu binti huyu ametangulia.

Baba anauliza, "Binti yupi?"