Kaka Niliyemkana

Timbwani, Jumanne, Mei 1996

Mvua haijakatika tangu asubuhi, nguo mbichi zimejaa ukumbini. Nimekasirika, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Jana nilivuka feri kumpeleka Zuhura wangu kwa daktari wa watoto. Ana miaka mitano na hajasema hata neno moja. Daktari alitaja jina nisilopata kulisikia: otizimu. Akanieleza taratibu kwamba si jini, wala si malezi yangu. Ubongo wa mtoto huanza kujengwa tumboni, akasema, na namna unavyojengwa kwa sehemu kubwa hurithiwa, hata kwa wazazi wasio na dalili yoyote. Kisha akauliza kama kwetu kuna mwengine aliyekuwa hivi.

Nikasema hakuna.

Wallahi nilisema hakuna, nami nilikuwa na Athmani, kaka yangu wa tumbo moja! Athmani aliyeziba masikio kila honi ya feri ilipolia. Aliyepanga champali za wageni mlangoni, kubwa hadi ndogo, na ukizivuruga analia mpaka jioni. Zuhura hakumkuta duniani, wala hakuna aliyemfundisha, ila champali anazipanga vivyo hivyo.

Nilimkana Athmani kwa sababu Ijumaa wanakuja kumposa mdogo wangu Rukia, na watu wa posa huchimba ukoo mpaka mizizini. Mama ameshaniambia: "Mpeke Zuhura Chaani kwa shangaziyo siku mbili tu, mwanangu. Wageni wakenda, umrudishe."

Maneno hayo hayo aliyasema walipokuja kuniposa mimi. Athmani akapelekwa Chaani siku mbili. Homa ikamshika huko, akafa kabla hatujamrudisha.

Miaka minane sasa. Leo nimemkumbuka mpaka mwili unauma. Natamani nimwone amechuchumaa pale mlangoni, hata asinitazame, maana hakuwa akitazama mtu. Natamani nimuulize yale ambayo Zuhura hawezi kuniambia, ingawa najua naye asingenijibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi kifo kilishatufikia na bado tunaficha.

Zuhura haendi Chaani. Ijumaa atakaa hapa, wageni wamwone. Rukia nimemwambia, amelia, akaingia chumbani. Pengine atanichukia, na sina la kumlaumu.

Kesho narudi kwa daktari. Nitamwambia nilikuwa na kaka, jina lake Athmani.