Gunia la Ekero

Jumamosi, 7 Juni

Gorogoro ya mahindi, ule mkebe wa kilo mbili, imepanda tena bei. Mama wa sokoni hata haniangalii usoni akitaja bei — anaangalia mahindi. Unga wa pakiti nilishaacha hata kuuliza. Nimerudi na sukuma, nyanya ndogo, na hasira.

Jioni tumeongea na majirani zangu wawili wa ploti, Immaculate na Teresa. Tuchange, tununue gunia moja huko soko la Ekero, tugawane. Immaculate akasema niende mimi, kwa sababu nimekulia shamba na mahindi nayajua. Teresa anafulia watu nguo hapa Amalemba, ana watoto watatu na hana bwana. Akafungua fundo la leso, akatoa noti zilizokunjwa hadi zimelainika.

Jumatatu, 9 Juni

Ekero. Kwa mahindi mazuri, pesa yetu haikutosha. Nikazunguka hadi miguu ikauma. Halafu mwanamume mmoja akaniita nyuma ya stoo yake. Eti hii atanipa rahisi, imenyeshewa kidogo tu na ameshaianika.

Nikatia mkono ndani ya gunia. Kavu. Nikanusa. Harufu ndogo, kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Punje chache zilikuwa za kijani kichwani. Nikafikiria lile fundo la leso — nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini? Nikanunua.

Tumeshasaga na kugawana. Teresa amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Kuhusu harufu sijawaambia. Obusuma, ugali wetu, imeiva vizuri, labda uchungu kidogo. Osiako, mzee wangu, ameongeza sahani.

Alhamisi, 12 Juni

Vifaranga vya Immaculate vimekufa karibu vyote. Alikuwa anavipa pumba za unga wetu. Anasema ni ule ugonjwa wa kuku, unapitanga kila mwaka. Nikasema ndiyo, ni ugonjwa.

Si lazima iwe mahindi. Nimejiambia hivyo nikifagia, nikajiambia tena nikichota maji. Lakini nakumbuka redioni walisema — ukungu wa mahindi unaharibu ini polepole, na kupika hakuuondoi.

Mezani Osiako akauliza mbona sili. Nikasema tumbo. Akaendelea kutafuna, na mimi namwangalia akimeza. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote. Akaweka tonge chini polepole, akaenda kunawa mikono. Akanawa sana.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaambia.

Immaculate hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alileta ndoo yake ya unga, akaimwaga mlangoni pangu. "Uliona, na ukanyamaza," akasema. Ndiyo. Niliona.

Teresa alinisikiliza akiwa ameinamia beseni, anafua shuka za watu.

"Wewe umeugua?"

"Hapana."

"Mzee?"

"Bado. Lakini Teresa, hii kitu hukaa ndani ya mwili —"

"Basi hiyo ni unga."

Nikamwomba anipe nikautupe. Akaniuliza kama nina mwingine wa kumpa. Sikuwa nao. Akakamua shuka, akaongea nami vile mtu huongea na mgonjwa: "Hiyo ini unasema ni ya miaka inakuja, Mildred. Hawa watoto wataniuliza chakula saa hii wakitoka shule."

Sikulala vizuri. Kila mtoto akikohoa upande ule, nafungua macho.

Jumapili, 15 Juni

Jana tuliuza blanketi letu zito la harusi. Osiako mwenyewe ndiye aliyelibeba. Tumepata mahindi safi, si mengi. Nilichagua punje kwa punje hadi mama wa sokoni akaguna. Nikasaga, nikampelekea Teresa sehemu kubwa. Alishukuru, akashukuru tena. Nikajisikia mwepesi, mara ya kwanza tangu Ekero.

Leo baada ya kanisa nikaenda kwake kuchukua ule unga mbaya. Gunia lake la unga lilikuwa kwenye kona ya chumba, limejaa kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza ule niliomletea uko wapi.

"Si huo? Nimechanganya, ndiyo tufike mwisho wa mwezi."

Nilishindwa hata kukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyefanya jambo la busara.

Sasa ni jioni. Ukuta kati yetu ni mabati tu. Nasikia mwiko wake ukigonga sufuria. Shantel, yule mdogo, analia kwamba tumbo linamuuma. Teresa anamwambia ni njaa, akule itaisha.

Tuna chakula chetu hapa, cha usiku huu tu. Osiako ameshakifunika kwa sahani. Amesimama mlangoni nacho, ananingoja niinuke tukampelekee Shantel. Upande ule Shantel amenyamaza, pengine ameanza kula. Naweka kalamu, naenda.