Kalinga Ameonja Supu ya Abiria

Melini, baharini

Mke wangu Tusekile,

Pokea salamu nyingi kutoka huku majini. Hujambo wewe? Mama hajambo? Ule mguu wake unaomsumbua wakati wa baridi umetulia, au bado anaufunga majani na kukataa kwenda hospitali? Na Subi, meno ya mbele yameota, au angali anacheka na pengo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini moyo si mzima hata kidogo, ndiyo maana nakuandikia usiku huu badala ya kungoja Jumapili kama nilivyozoea. Nakuomba barua hii usiifungue pale sokoni Mbalizi mbele ya wenzako. Ipeleke nyumbani, funga mlango, uisome pole pole mwenyewe. Mwalimu asikusomee. Anasoma vizuri, lakini mdomo wake nao unasafiri.

Unamkumbuka Kalinga. Ndiye yule Mhehe wa Ipogolo niliyekuandikia habari zake, tuliyesafiri naye lori moja siku nilipoondoka. Mimi nilikuwa juu ya magunia tangu Mbeya, yeye akapandia pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, amebeba mahindi ya kuchemsha aliyofungiwa na mama yake. Kabla hatujafika Morogoro tulikuwa tumekwisha kuyala yote pamoja. Dar es Salaam tukaandikwa kazi siku moja, tukawekwa jiko moja, kitanda chake juu, changu chini. Yeye ananiita Mla Ndizi, mimi namwita Mzee wa Ulanzi, kwa ile pombe ya mianzi ya kwao. Sasa, Tusekile, kesho wanataka kumshusha katika bandari ya Ulaya wamwache huko peke yake, na ni mgonjwa. Mimi nimeshindwa kabisa kulizuia jambo hilo.

Ngoja nianze mwanzo, maana usipojua meli hii ni ya namna gani utadhani nimerukwa na akili.

Meli hii haibebi pamba wala kahawa. Haiendi popote. Usicheke, ni kweli. Wazungu wanapanda, inawazungusha bandari hata bandari, wanashuka kupiga picha, wanapanda tena, na mwisho wanateremshwa pale pale walipopandia. Kwa jambo hilo wametoa fedha nyingi, na katika nauli hiyo chakula chote kimo, ule usile. Basi wanakula asubuhi, wanakula saa nne, wanakula mchana, wanakunywa chai na keki, halafu jioni wanakula tena wamevaa kama wanaokwenda harusini. Wakiisha kucheza dansi, karibu na usiku wa manane, inaandaliwa meza nyingine. Meza hiyo ndiyo yangu mimi na Kalinga.

Natamani ungeiona mara moja tu. Kuku wa baridi, mapaja ya nguruwe, samaki mzima aliyelazwa na macho yake, jibini zinazonuka kama ngozi mbichi, keki za ghorofa, na katikati ndege mkubwa aliyechongwa kwa barafu. Barafu! Sisi huko sakitu, ile barafu ya alfajiri, ikiunguza maharage mwezi wa Juni tunalia, hawa wanaichonga ndege. Na hawana njaa. Mtu anakuja ameshika tumbo, anahema, mkewe anamwambia twende tukalale, naye anajibu, "Nimelipa." Hilo ndilo neno la kwanza la Kiingereza Kalinga alilojifunza. Akinivuta blanketi usiku nikimkemea, ananiambia, "Nimelipa, Mla Ndizi." Tulikuwa tukicheka mpaka tunagongewa ukuta.

Wanajaza sahani, wanadonoa pembeni, wanaziacha. Yanayobaki yote tunayamwaga baharini, hiyo ni amri. Mtumishi akikutwa na kipande mdomoni ni mwizi. Chakula chetu sisi ni wali na maharage, jioni, tukiwa tumesimama. Siku moja nilimwuliza msimamizi wetu kwa nini tusile masalio, yanakwenda kwa samaki tu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba abiria akijua mtumishi anakula bure kile alicholipia yeye, ataona ameibiwa. Nilidhani anatania, lakini hakuwa anatania.

Sasa kuna bibi mmoja wa Kizungu, mjane, mtu mzima sana, anayejifunga shali nyeusi. Kila usiku huja peke yake na kukaa meza ndogo karibu na mlango wa jikoni. Kalinga ndiye aliyekuwa akimhudumia. Yeye hana Kiingereza cha maana na bibi hana Kiswahili, lakini walikuwa wakisalimiana na kuchekeana. Kalinga hakufurahi kumwona namna ile. Aliniambia, "Hivi huyu mama hana watu wake? Mtu mzima anakulaje peke yake kama amefukuzwa kwao? Mimi naona vibaya, kweli." Nikamwambia, wewe mpe chakula, mambo ya Wazungu waachie Wazungu. Hakunisikia.

Juzi usiku kulikuwa na supu ya samaki wa magamba, yenye harufu kali. Bibi akaletewa bakuli, akalinusa, akasita, akamtazama Kalinga usoni.

Hapo, Tusekile, wewe unaelewa bila kuambiwa. Mgeni akisita mbele ya kibuyu cha pombe, mwenye nyumba anafanya nini? Anaonja yeye kwanza, mgeni aone hakuna kitu kibaya ndani, ndipo anampa. Kwao Kalinga ni vivyo hivyo, ulanzi hauendi mkononi mwa mgeni kabla mwenye nao hajaonja. Ukimpa mtu bila kuonja, tena amekwisha kusita, watu wataanza kunong'ona juu yako. Basi Kalinga akakunja goti, akalichukua lile bakuli kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akasema, "Karibu, mama," akampa.

Nilikuwa nimebeba sinia la mayai, nikalitua pale pale. Meza ya jirani kuna bwana mmoja mnene anayekula kuliko wote, na kila usiku hulalamika kwamba vyakula vimepungua. Akaruka juu. Akapiga kelele kwamba hakutoa nauli kubwa namna ile ili watumishi weusi waanze kula na yeye apewe makombo yao, na kwamba anataka sehemu ya fedha yake irudishwe. Bakuli halikuwa lake! Supu hata hakuiomba! Wengine nao wakaitikia, kila mtu akiangalia sahani yake kama imeingia nzi. Na yule bibi, ambaye angesema neno moja mambo yakaisha, aliinamisha kichwa, akavuta shali yake, akaondoka. Nilimchukia usiku ule kuliko hata yule mnene.

Tukaitwa kwa msimamizi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na mimi ndiye niliyeharibu zaidi. Nikaeleza desturi yetu vizuri, kwamba mwenyeji huonja kwanza ili mgeni asiogope. Msimamizi akaniuliza, "Asiogope nini?" Nikajibu asiogope sumu. Alibadilika rangi. "Kwa hiyo mnawaambia abiria wangu kwamba chakula cha meli hii kina sumu?" Nikasema hapana bwana, ni heshima tu, bwana, ni heshima. Akasema heshima ya namna hiyo tukaifanyie kwetu. Kalinga alikuwa ananiuliza, "Amesemaje? Mwambie supu ilikuwa nzuri, mimi nimeionja." Nilishindwa kumfasiria, nikabaki kulia.

Hukumu ikawa ashushwe bandari ya kesho. Nauli ya kurudi hapewi, maana aliyefukuzwa kwa kosa hana haki hiyo, ndivyo mkataba unavyosema. Tuliweka vidole kwenye mkataba huo, na hata mimi ninayejua kusoma sikupewa nafasi ya kuusoma. Tangu hapo wamemfungia katika chumba cha kamba na rangi. Kifua kilikuwa kikimbana tangu tulipoingia kwenye baridi, na humo ndani ndimo kilimozidi. Nimepenya kumwona mara mbili. Mwili unawaka moto, anakohoa mpaka anakunjika. Nilimpelekea uji, akaushika tu. Akaniambia, "Mama asiambiwe ni supu. Mwambie ni kifua." Kisha akaniuliza kama huko anakoshushwa kuna Mwafrika yeyote. Nikamwambia wapo. Sijui kama wapo, Tusekile. Huko theluji inalala njiani, na yeye koti lake ni lile la kahawia alilonunua Iringa, limetoboka viwiko.

Usiseme sikuhangaika. Nimemwendea daktari wa meli, akasema mtu akishashuka si mgonjwa wake. Nimemwendea msimamizi mara tatu, ya mwisho nimepiga magoti. Nikamwomba basi aniruhusu nishuke naye, nimtunze mpaka apone. Akasema haiwezekani, mwenye mkataba hashuki mpaka umalizike, ila akishushwa kwa kosa kama mwenzangu, na nikitoroka polisi watanirudisha. Akanipigapiga begani, akaniambia mimi ni mtumishi mzuri.

Nisikilize basi. Mtafute kaka yako Ambakisye, kila safari ya lori lake anapita Ipogolo. Ashuke pale amwone mama yake Kalinga. Nyumba yao iko nyuma ya kanisa la Wakatoliki, yenye uzio wa mianzi. Amweleze yeye mwenyewe, asimtume mtu. Amwambie ni kifua. Halafu nenda kwa mchungaji wetu, mwombe aandike barua kwa wale waliotuandika kazi Dar es Salaam, na nyingine kwa Bwana Shauri wa wilaya, aseme kwamba Kalinga ni mtu mwenye kwao, ana mama, ana mashamba, hakuokotwa. Piga magoti ikibidi. Najua barua hizo zitachelewa. Nitafanya nini kingine? Nimekaa hapa kitandani, cha juu kitupu, na kichwa kinataka kupasuka.

Naitwa. Saa ya meza imefika. Nitamalizia nikirudi.

Nimerudi. Naandika kwa haraka, nisamehe mwandiko huu.

Niliweka kuku, nikaweka samaki, nikaweka yule ndege wao wa barafu. Wakaja wote, wameshiba kama kawaida yao. Bwana mnene alikaa pale pale. Halafu bibi wa shali akaingia, mara ya kwanza tangu juzi, akakaa meza yake ndogo na kutazama mlango wa jikoni. Alikuwa akimtafuta Kalinga. Alipoona ni mimi niliyekuja, macho yake yakashuka mezani. Akaomba supu.

Nakuapia, sikuwa nimepanga. Au labda nilikuwa nimepanga tangu nilipopigwapigwa bega, sijui. Nilileta bakuli. Nikakunja goti pale pale mbele yao wote. Nikalishika kwa mikono miwili, nikapiga funda, na si funda dogo. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa ukumbi, "Karibu, mama."

Bwana mnene alikwisha kusimama kabla sijamaliza neno. Lakini yule bibi alinitazama kwanza. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, akalipokea bakuli kama anavyopokea mtu wa kwetu, akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, machozi yakimtoka, na wale wengine wanapiga kelele za fedha zao. Alimwambia msimamizi neno fulani kwa nguvu, lakini msimamizi hakumsikiliza. Kwake mlalamikaji mmoja kama yule bwana mnene, mbele ya ukumbi mzima, anatosha. Nimeambiwa nifunge mizigo, kesho nashushwa.

Tusekile, nimekuponza. Najua ulikuwa unangoja mabati ya nyumba yetu, najua utasimama sokoni kwa miezi mingi bila kupata kitu kutoka kwangu, na pengine bila hata kujua niko wapi. Sikukuuliza, na jambo hili lilikuwa la kuulizana. Naogopa, sikufichi. Sijui tutalala wapi kesho, wala tutarudije, wala kama kifua chake kitakungojea huko kurudi. Kasirika, una haki. Lakini usiache kwenda kwa mchungaji, na sasa mwambie aandike majina mawili.

Msalimie mama, mwambie mguu usifanye ukaidi. Baba najua kwa mila yetu huwezi kumkaribia, ni mkwe wako, basi mtume Subi akamwambie kwamba mimi ni mzima na ninasafiri. Subi mwenyewe mbusu, usimweleze zaidi. Msalimie Ambakisye na utingo wake, na yule shangazi yangu mfinyanzi anayekukopesha vyungu. Mgoa anayefua nguo za meli ameahidi kuitia barua hii posta kesho tukifunga gati.

Kalinga bado hajui. Nikiisha kubandika bahasha nakwenda kumgongea kile chumba cha kamba, nimwambie kupitia mlangoni kwamba kesho tunashuka wawili, apate usingizi.

Ni mimi mumeo,
Anyandwile